Matobolwa ya Kwenda Rufiji

Kitu cha kwanza Kabula alichokitoa kwenye lile rundo kilikuwa sidiria. Ilikuwa imekatika mkanda mmoja, imegeuka rangi ya maji ya kuoshea sufuria, na ndani yake palikuwa na kitu kimekaukia ambacho hakutaka kujua ni nini. Aliishika kwa ncha za vidole viwili, akainyanyua juu kama mtu aliyemkamata panya kwa mkia.

"Na hii nayo ni msaada?"

Julieth, katibu wa kamati, msichana mwenye kucha ndefu kuliko subira yake, hakuinua uso kwenye simu. "We hesabu tu, mama. Nguo ya kike, moja."

"Moja," Kabula akasema, akaitupa kwenye ndoo ya taka.

Ulikuwa mwezi wa nne wa mwaka ule Rufiji ilipofurika. Kwenye Mtaa wa Mninga, kando ya Mtendeni, Tabora mjini, ilikuwa imeundwa kamati ya kuwachangia watu wa huko. Gari lenye kipaza sauti lilizunguka siku mbili likiwaomba wananchi watoe walichojaliwa, na wananchi wakatoa walichochoka nacho. Wakaleta soksi zisizo na wenzao. Wakaleta suruali iliyoliwa na panya mpaka magotini, mapazia yenye masizi, shati la sare la kampuni iliyokufa zamani, koti la manyoya, na viatu vya harusi vyenye visigino kama misumari, eti avae mtu aliyesimama kwenye matope mpaka kiunoni. Kuna aliyeleta nusu chupa ya dawa ya kikohozi, kijiko kimenata mdomoni mwa chupa. Chumba kizima kilinuka kama watu wengi walilala humo wakiwa wagonjwa na hakuna aliyefungua dirisha.

Kabula aliitwa kuchambua kwa sababu kuchambua ndiyo kazi yake. Sokoni anauza viazi vikavu, na mwuza viazi vikavu anaishi kwa macho na pua. Akizembea siku moja, wateja wanahamia meza ya jirani. Ana miaka hamsini na minne. Watu humwita Mama Ngollo, kwa jina la mwanawe aliye machimboni Nzega.

Alizaliwa Igunga, kwenye boma la ng'ombe kumi na wawili, na mwaka mmoja wa ukame wakabaki wawili. Mwaka huo alikuwa darasa la tano, na ndipo alipoujua msaada kwa upande wa kuupokea. Lilikuja lori, watoto wakapangwa mstari, kila mmoja akapewa kitu. Yeye alipewa kiatu. Kimoja, cha mguu wa kushoto, cha mtu mzima, na soksi ya mwenyewe bado imo ndani. Mama yake alimwambia aseme asante, akasema asante. Njiani kurudi mama yake alikibeba kwapani kilomita tisa, na walipofika nyumbani akakitumbukiza chooni. Kabula hakuwahi kumwona mama yake akitupa kitu kingine chochote maisha yake yote.

Baadaye aliolewa na Silasi wa reli, wakakaa Tura miaka kumi na mmoja, akiwauzia abiria kwenye madirisha ya treni. Silasi alipofariki akahamia mjini na ungo wake, na hajamwomba mtu kitu tangu hapo.

Siku ile ya sidiria, Majidi alichungulia mlangoni. Majidi ni fundi vitanda, Mndengereko wa Rufiji aliyeoa Tabora akabaki, na ni kwa ajili yake mtaa ulianza kuongelea mafuriko. Mama yake na dada yake walikuwa wamelala kwenye darasa la shule, nyumba yao imekwenda na maji. Akalitazama rundo. Akatazama chini.

"Usitazame, Majidi," Kabula akamwambia. "Niambie wanataka nini."

"Dada Kabula, mimi nitasema nini? Msaada ni msaada."

"Msaada si matapishi. Sema."

Majidi akajikuna shingo. "Kula. Unga wanapewa, lakini kuni zimelowa. Darasani kwao wako watu sitini na sufuria mbili. Zamu ya mama inafika jua limeshazama. Watoto wanaulamba unga mkavu."

Julieth akasema bila kuinua uso, "Si wapewe biskuti."

Kabula alikuwa ameshafikiria matobolwa.

Hapa mtu asiye wa huku inabidi aelezwe, maana ndipo palipoharibikia. Viazi vitamu vikavu ni vya namna mbili. Kuna michembe: kiazi kinamenywa kibichi, kinakatwa, kinaanikwa. Michembe ni myeupe kama chaki na hailiwi mpaka ichemshwe. Ukiitafuna hivyohivyo tumbo litakusuta usiku kucha. Halafu kuna matobolwa: kiazi kinachemshwa kwanza kikaiva, ndipo kinamenywa, kinakatwa na kuanikwa juani mpaka kinakuwa kigumu, rangi ya asali. Matobolwa hayataki moto, hayataki sufuria, hayataki zamu ya mtu. Unatia mdomoni, unasubiri, yanalainika yenyewe. Mtoto wa Kinyamwezi anazitofautisha kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Shida ilikuwa mwezi. Viazi vipya huchimbwa kuanzia wa tano. Wa nne ndio mwezi wa kukung'uta vihenge. Kabula mwenyewe alikuwa amebakiwa na debe moja la kuvukia mpaka mavuno. Akalitia lote kwenye gunia, lakini halikufika hata robo. Ndipo akazunguka mtaa nyumba kwa nyumba, na ombi lake lilikuwa fupi.

"Bakuli moja. Matobolwa, si michembe. Yale ungempa mwanao."

Wengine walimwambia wameshatoa nguo. Anifa, mke wa mwuza vipuri, alisimama mlangoni na kijiti mdomoni. "Shoga, mimi nimeshatoa mapazia."

"Nimeyaona. Watu hawana ukuta, wayaning'inize wapi? Kwenye masikio?"

"Una mdomo wewe."

"Ninao. Na bakuli pia ninalo, hili hapa."

Anifa akaingia ndani kwa hasira, akatoka na bakuli limejaa mpaka matobolwa mengine yanaanguka. Kuna watu ukiwaudhi ndipo wanatoa vizuri.

Bi Swaumu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote mtaani na aliyeishi peke yake nyuma ya msikiti, alitoa nusu bakuli. Alikuwa amefuta kila kipande kwa ncha ya kanga. Kabula alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaona aibu kupokea.

"Bi Swaumu, bakiza ya kwako."

"Meno yangu hayayawezi tena, mwanangu. Chukua." Akacheka. "Babu zetu walibeba pembe mpaka pwani kwa miguu, miezi mitatu, na ndiyo haya haya mfukoni. Njia yanaijua."

Jumatano gunia likajaa. Kabula akalipeleka kwenye chumba cha kamati kwa mkono wake, akaliegemeza pembeni mbali na nguo, akamwambia Julieth: hili lisiguswe, hili ni chakula. Julieth akasema sawa mama.

Alhamisi asubuhi alipokwenda kulishona mdomo, gunia halikuwepo. Katikati ya chumba, juu ya sakafu, palikuwa na kilima. Kilima cha viazi vikavu, vyeupe na vya asali, vimechanganyika. Mtu alikuwa ameleta magunia mawili ya michembe ya mwaka juzi, iliyotobolewa na fukusi mpaka imegeuka vumbi, ikamwagwa chini, na matobolwa yake yakamwagwa juu. Fukusi walikuwa wakitembea kwenye vipande alivyovifuta Bi Swaumu. Ubavuni mwa kilima mlikuwa na soksi.

Mbele yake alisimama Raymundi, mwenyekiti wa kamati, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa, na Julieth akimpiga picha.

"Mama Ngollo, karibu," akasema. "Umeona? Sasa kinaonekana. Magunia yakisimama kila moja peke yake hayana sura."

Neno la kwanza lililokuja mdomoni mwa Kabula halikuwa la kumwambia baba wa watu, akalimeza.

"Raymundi, wewe ni mtoto wa huku huku, wa Usoke. Mama yako alianika viazi."

"Alianika, ndiyo."

"Basi usinifanye niamini kwamba hukujua unachanganya nini."

"Nilijua. Lakini chakula ni chakula, Mama Ngollo. Mwenye njaa atachambua mwenyewe."

"Atachambua giza limeingia, ana watoto watatu wanalia, na hajawahi kuiona michembe tangu azaliwe. Watu wa Rufiji wanajua wali. Atampa mtoto kile cheupe, mtoto ataharisha, na hapo walipo choo kimejaa maji."

"Unakuza mambo."

"Na hii soksi nayo ataichemsha?"

Julieth akacheka, akaona mwenyekiti hacheki, akaacha. Raymundi akarekebisha kola. Kesho baada ya swala ya Ijumaa, akasema, atakuja mgeni rasmi, mfanyabiashara aliyetoa lori lake, Fuso, lipeleke vitu, na mgeni lazima akute mzigo unaoonekana. Mzigo ndio huo. Haupunguzwi.

Kabula akatoka. Raymundi akadhani yameisha.

Saa tatu asubuhi hiyohiyo, jua limewaka na mtaa wote uko nje, alirudi na guta la kubebea mizigo, Majidi nyuma yake ameshika koleo na turubai. Raymundi alikuwa ameshaondoka. Kabula akazoa kilima chote, cheupe na cha asali, fukusi na soksi, akakipakia. Julieth alimfuata mpaka barabarani.

"Mama, hiyo ni mali ya kamati."

"Mwambie mwenyekiti iko kwangu. Anajua nyumba."

Walitandaza turubai uani, wakaanza. Kuchambua michembe na matobolwa kwa jicho ni rahisi kama vimekaa vizuri. Vikipakwa vumbi la fukusi vyote vinakuwa majivu. Ilibidi kila kipande kipanguswe. Bi Swaumu alikuja akajikalia kwenye kigoda. Macho yake yana ukungu, lakini alikuwa akiangusha kipande juu ya ungo na kusikiliza: tobolwa linalia kama kokoto, mchembe unaanguka kama chaki. Hakukosea hata kimoja. Majidi alikuwa akipepeta, na vumbi likipanda anageuza uso kufuta macho, akisema ni vumbi. Kabula akamwacha aseme ni vumbi.

Karibu na adhuhuri Anifa akaingia uani, mikono kiunoni.

"Mwenzangu, huko nje umeshakuwa mwizi. Wanasema Mama Ngollo kaiba chakula cha wahanga akauze sokoni, maana mwezi huu hakuna mali."

"Nani anasema?"

"Nani hasemi?"

"Na wewe?"

Anifa akatazama turubai. Akaona bakuli lake lilivyofanywa. Akachuchumaa, akavuta ungo. Walifanya kazi mpaka Kabula alipoichomoa ile soksi kwa kijiti na kuinyanyua. Ilikuwa ya kahawia, kisigino kimetoboka, na ilinuka kama kitu kilichozikwa kikafukuliwa.

"Huyu naye sijui ni nani, kwenye chakula," Kabula akasema.

Anifa akaitazama kwa muda. "Ya mume wangu," akasema. "Naona ilinata kwenye mapazia."

Bi Swaumu alicheka mpaka akashika mbavu. Hata Majidi alicheka. Kabula hakucheka; aliitupa ng'ambo ya ua, akaenda kunawa mikono mara mbili.

Alasiri walimaliza. Gunia lililojaa lilikuwa limepungua theluthi, kwa sababu matobolwa yaliyoshikwa na fukusi aliyatupa pamoja na michembe. Akalishona mdomo kwa shazia na uzi mwekundu, mishono ya karibu karibu, mtu akilifungua ijulikane. Kisha akamuuliza Majidi kama treni ya Jumamosi inaweza kulichukua.

"Mpaka Dar litafika," Majidi akasema. "Halafu? Barabara ya huko imekatika, wanapitisha magari ya msaada yenye barua tu. Fuso lina barua. Mimi mwenyewe napanda Fuso kuwaonyesha njia."

Kwa hiyo lilikuwa ni Fuso, au halikuwa kitu.

Ijumaa baada ya swala uwanja mdogo mbele ya ofisi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki, maturubai, muziki, maji ya chupa kwa wageni. Marobota ya nguo yalikuwa yameshapakiwa, na Kabula aliona pindo la pazia lenye masizi na mkono wa lile koti la manyoya ukining'inia kwenye bodi kama mtu aliyejaribu kutoroka. Vyote alivyovitupa kwenye ndoo ya taka vilikuwa vimerudishwa, kwa sababu robota lisipojaa halifungiki vizuri.

Alifika na gunia juu ya guta. Watu wakapisha njia, wakinong'ona. Raymundi alimfuata upande wa nyuma wa Fuso, mgeni asisikie.

"Umenidhalilisha, Mama Ngollo. Mgeni ameoneshwa picha ya kilima, kafika kakuta sakafu tupu. Nimwambie nini?"

"Mwambie chakula hiki hapa, kimechambuliwa. Lipande gunia, gari liondoke."

"Halipandi."

Majidi akasogea. "Mwenyekiti, mama yangu..."

"Sina ugomvi na mama yako. Lakini mtu hawezi kuchukua mali ya kamati mchana kweupe halafu arudi kama mshindi. Kesho kila mtu atabeba chake." Akamgeukia Kabula. "Utasimama pale, useme kwa kipaza sauti kwamba ulichukua bila ruhusa, unarudisha, unaomba radhi. Hapo linapanda. La sivyo rudi nalo sokoni, si ndiko lilikokuwa linakwenda?"

Kabula alimtazama yule mtu. Alitazama shati lake jeupe, kalamu mbili mfukoni, jasho linalometa juu ya mdomo. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Kinywani mwake Kabula alisikia ladha ya kitu kichungu, kama amebana kidonge bila maji. Angeweza kumwambia pale pale yeye ni nani, mtoto wa nani, na kwamba alichanganya chakula na fukusi huku anajua, na mtaa ungecheka wiki nzima. Alikuwa na maneno hayo yamepangika mdomoni kama vyombo kabatini. Halafu Fuso lingeondoka na koti la manyoya.

Alikuwa ameishi mjini miaka kumi na tisa kwa jina moja tu, kwamba vitu vyake havina mchanga na mkono wake hauna udokozi. Mjane sokoni hana mtaji mwingine.

Akaenda akashika kipaza sauti.

"Gunia la matobolwa nilichukua mimi," akasema. "Sikuomba ruhusa. Nimelirudisha. Naomba radhi kwa mwenyekiti na kamati."

Watu wakapiga makofi. Hilo ndilo lilimchefua kuliko yote: yale makofi, ya watu wema wanaomsamehe mwizi. Mgeni rasmi alitikisa kichwa kwa huruma, akasema binadamu tunakosea. Raymundi alimshika bega mbele ya kamera. Mkono ulikuwa wa moto na umelowa, na bega la Kabula liliusikia mpaka jioni.

Anifa alifungua mdomo kutoka kwenye viti vya wanawake. Kabula alimkazia jicho, Anifa akaufunga.

Gunia likapanda. Majidi alilikalia juu, na Fuso likatoka kuelekea barabara ya Nzega.

Kabula hakungoja soda. Alikwenda nyuma ya ofisi penye bomba, akasukutua, akatema, akasukutua tena.

Majidi alirudi baada ya wiki tatu, amekonda. Alimkuta sokoni. Matobolwa aliyagawa kwa mkono wake, akasema, darasa kwa darasa, vipande sita kwa kila mtoto na vinne kwa mtu mzima, na yaliwafikisha siku nne. Wengine walidhani ni vipande vya ngozi. Mama yake alilalamika kwamba watu wa Tabora wana mataya ya nyumbu, halafu akaomba nyongeza. Nguo zilishushwa kando ya barabara, na koti la manyoya alilikuta limetandikwa mlangoni mwa darasa, watu wanapangusia miguu matope.

"Limepata kazi," Kabula akasema.

"Dada Kabula, nitawaambia watu ukweli. Nitamwambia kila mtu."

"Umwambie nani? Waliochambua wanajua. Waliopiga makofi wameshapiga." Alikuwa akipanga mafungu, kipande kwa kipande. "We nenda kalale."

Biashara haikurudi ilivyokuwa. Mavuno mapya yalikuja, mali ikajaa mezani, safi, rangi ya asali, na bado wapo wanaopita wakigusana viwiko. Raymundi husimulia habari hiyo misibani na harusini, jinsi kamati ilivyomsamehe mama mmoja. Mwezi wa saba mwanamke mmoja wa mtaa wa juu, mnene, mwenye pochi ya kung'aa, alisimama mbele ya meza yake akachokonoa fungu kwa kidole.

"Haya si yale ya wahanga?" akauliza, kwa sauti ya kusikika meza tatu.

"Yale waliyala," Kabula akasema. "Toa kidole. Nawafungashia wanaonunua."